Barua ya wazi kwa mama wakwe wenzangu wa Iringa na Njombe

Kamwene, mama zangu.

Barua hii ni ya wenye wakamwana wajawazito au wenye vichanga. Wakamwana wenyewe siwaandikii, wameshaambiwa vya kutosha. Kila wakienda kliniki wanaambiwa kuleni vizuri, pumzikeni, nyonyesheni miezi sita bila kumpa mtoto kitu kingine. Wakirudi nyumbani wanatukuta sisi, wenye jiko letu na neno letu la mwisho. Nesi anamwona mara moja kwa mwezi. Sisi tunaamka naye.

Mwaka 2022 utafiti wa kitaifa wa afya ulikuta kwamba Iringa asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Njombe ni asilimia 50. Nchi nzima ni asilimia 30. Yaani sisi tunaojaza malori ya mahindi, viazi, nyanya na parachichi ndio tunaoongoza kwa watoto wafupi kuliko umri wao, kuwashinda hata wa mikoa ya ukame. Na udumavu hauishii kwenye kimo. Unagusa akili pia, na mtoto akishavuka miaka miwili, kurudisha alichokosa ni kazi ngumu mno.

Najua majibu yetu. La kwanza: ukoo wetu ni wafupi. La pili, mtoto akinyong'onyea tunasema kabemendwa, wazazi wake hawakuvumilia kulala mbalimbali mpaka aache kunyonya. Basi mama wa watu anasimangwa, mitishamba inachemshwa, na hakuna anayeuliza mtoto alikula nini tangu asubuhi. Ukweli ni kwamba mimba ikiingia upesi, mtoto aliye kifuani hupunjwa maziwa na malezi. Dawa yake ni uzazi wa mpango, wapate angalau miaka miwili kabla ya mimba nyingine. Mkamwana akienda kuchoma sindano ya uzazi, tusimwite mhuni.

Sasa niseme jambo ambalo kwenye vikao vyetu tunalipitia pembeni. Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa inayoongoza nchini kwa maambukizi ya VVU. Maana yake wako miongoni mwetu ambao mkamwana ana vidonge vyake anavyomeza kila siku, na ndani ya nyumba hajaambiwa mtu, pengine hata mume. Mwanamke huyo akimeza dawa bila kuruka na akanyonyesha maziwa matupu miezi sita, mtoto ana nafasi kubwa sana ya kubaki salama. Anachokatazwa ni kuchanganya, maziwa asubuhi na uji mchana, kwa sababu utumbo wa kichanga ni laini, ukichubuliwa na vyakula virusi hupata njia. Nawe bibi, yeye akiwa kisimani, unamnywesha mtoto wa miezi mitatu uji mwepesi eti maziwa hayamtoshi. Hawezi kukwambia ulichomfanyia. Atalia chumbani, wewe utawaambia majirani mkwe wangu ana kiburi.

Kwa hiyo tusisubiri kupewa sababu. Mama akisema mtoto asipewe kitu, iishie hapo, awe na virusi au asiwe navyo. Maziwa huongezeka mtoto anavyonyonya. Kama unaona ni machache, mpe mama chakula na maji, kisha mshikie kazi ili akae anyonyeshe. Dang'a, yale maziwa ya njano ya mwanzo, yasikamuliwe yakamwagwa, ni kinga ya kwanza ya mtoto. Na vidonge ukiviona juu ya kabati, umeona kabati.

Miezi sita ikitimia ndipo zamu yetu inapoanza, na hapa ndipo tunapoharibu zaidi. Mkamwana anatoka alfajiri kwenda palizi au kuchuma chai, anapika uji mwepesi wa sembe, anaujaza chupa ya chai, mtoto anaunywa mpaka jioni. Tumbo linajaa maji. Uji wa mtoto uwe mzito kiasi kwamba ukiinamisha kijiko unadondoka taratibu, haumiminiki. Tia karanga zilizosagwa laini, au maziwa, au yai lililopikwa likapondwa. Mchana ponda viazi au ugali laini kwa mchuzi wa maharage na dagaa waliotwangwa. Parachichi bivu halihitaji hata moto. Alishwe mara mbili au tatu kwa siku, na kuanzia miezi tisa iwe mara tatu au nne, huku anaendelea kunyonya mpaka miaka miwili. Mwekee sahani yake. Akila sinia moja na kaka zake, wanamaliza yeye bado anatafuna tonge la kwanza.

Unga wa dona ni bora kuliko sembe, ila chagueni mahindi kabla ya kusaga, yaliyoota ukungu yatupwe. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016.

Mayai tunauza. Maziwa tunauza. Mtoto tunamnunulia soda na biskuti kwa hela hiyo hiyo. Kwa kweli hili linanishinda kulielewa.

Ulanzi nao, ile pombe ya mianzi. Mtamu, wa asubuhi, mtogwa, tunasema huo si pombe, tunamwonjesha mjukuu na tunamkaribisha mjamzito kikombe kimoja. Ulanzi hauna subira, kufikia mchana umeshachacha. Mjamzito asinywe, mtoto asionjeshwe. Msiba au harusi, atapewa chai.

Kuhusu mimba yenyewe nina maneno machache. Kliniki aanze mapema, mara tu siku zikipita. Vidonge vya kuongeza damu vikimchafua tumbo, amweleze nesi, asivitupe chooni. Akiona damu, kichwa kikimgonga sana, macho yakimwia giza au mtoto akiacha kucheza tumboni, ni hospitali siku hiyo hiyo. Tusimwambie alale kwanza tuone kesho. Kule Makete na Njombe, baridi ya Juni na Julai isitufanye tuingize jiko la mkaa chumbani kwa mzazi na kufunga dirisha. Hewa ile haina harufu, na imeshafuta familia nzima usingizini.

Vijana wetu wa kiume mmewaona? Sheria inampa baba aliyeajiriwa siku tatu za likizo mkewe akijifungua, na mama siku 84. Mkulima hana hata hiyo moja. Likizo ya mkulima tunaipanga sisi, hapa nyumbani. Mwite mwanao, umwambie mbele ya mkewe kwamba kuni na maji ni vyake mpaka mtoto asimame. Akisikia kwa mama yake hataona aibu kubeba ndoo. Akisikia kwa mkewe atasema ametawaliwa.

Na wewe, mtoto akiwa bado wa kunyonya tu, mbebe mgongoni saa nne umpeleke shambani anyonye, halafu rudi naye. Palizi ya Desemba inakuja. Mwenye mkwe anayejifungua kabla ya hapo akae na mwanawe wiki hii, wakubaliane ekari ngapi watapunguza na nani atashika jembe lake.

Mkwe mwenzenu,
Ilula