Bahari ya Macbeth haikutiwa rangi ya waridi

Mhariri,

Jumapili iliyopita ukurasa wenu wa lugha ulimjibu mwanafunzi aliyeuliza maana ya kitenzi cha Kiingereza "incarnadine". Aliambiwa ni "kutia rangi ya waridi". Kamusi inaweza kuwatetea, lakini mtoto huyo akiingia na jibu hilo kwenye mtihani wa fasihi, ataumia.

Asili ya neno ni Kilatini, "caro", yaani nyama. Liliingia Kiingereza kupitia Kiitaliano na Kifaransa likiwa kivumishi cha rangi ya nyama, wekundu mwepesi. Mnamo 1606 hivi Shakespeare akaligeuza kitenzi katika tamthilia yake Macbeth, na tangu hapo likanuka damu.

Macbeth ametoka kumuua Mfalme Duncan usingizini. Lango linagongwa. Anatazama mikono yake, anajiuliza kama bahari yote ya Neptuni, mungu wa bahari wa Warumi, itaiosha ikatakata. Wapi! Mkono huu ndio utakaozigeuza bahari. (Mkewe, dakika moja baadaye, anaona maji kidogo tu yatatosha.) Hapo ndipo linapotua neno letu, silabi nne, nyuma ya "multitudinous" (nyingi mno) lenye tano. Halafu ghafla: "Making the green one red", yaani kijani kugeuzwa chekundu. Baada ya "Making", silabi moja moja. Mwandishi kajitafsiria mwenyewe papo hapo! Nilipofundisha kidato cha tano, nilikuwa nafuta ubao mzima nikabakiza "green" na "red", na darasa lilielewa bila kamusi.

Chapa ya tamthilia hiyo ya 1623 ina mkato baada ya "one", kwa hiyo wapo wanaosoma kwamba bahari ile ya kijani itakuwa nyekundu, basi. Wengine huuhamisha mkato: kijani chote kiwe wekundu mmoja. Mimi niko na hawa. Kinachomtisha muuaji ni kwamba halitabaki hata tone la rangi yake ya zamani.

Kwa Kiswahili ningechagua "kukoleza". Hina ikishakolea kiganjani, sugua utakavyo, haitoki kwa maji. Kwa Macbeth mambo yamegeuka: kiganja ndicho kinachoyakoleza maji.

Nakala yangu ya Makbeth, tafsiri ya S. S. Mushi ya 1968, niliiazimisha na haijarudi. Msomaji mwenye nayo atuandikie Mushi aliuvukaje mstari huo.

Mwalimu mstaafu,
Tanga