Asumini ya Mama na Taarabu

Kibokoni, Mombasa

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na za mama pia. Sote hatujambo, kaskazi tu ndiyo inatuchosha kwa joto.

Wakumbuka tulivyobishana pale barazani? Wewe ulishikilia kwamba asumini ya mama yanawiri kwa kuwa aiimbia kila alfajiri akishaswali. Mimi nilinyamaza, sikuwa na jawabu. Basi tangu siku ile swali hilo halikuniacha nilale.

Nilinunua spinachi Marikiti, nijaribu kama majani hufanya kazi zaidi yakiimbiwa. Majani yake wayakata viduara kwa mrija wa soda, wavitia kwenye sirinji isiyo na sindano, pamoja na maji yenye bikaboneti ya sodiamu, gramu 1 kwa nusu lita, na tone la sabuni ya vyombo. Ziba tundu kwa kidole, vuta: hewa iliyo ndani ya jani hutoka, na viduara huzama. Vimimine kwenye bilauri, washa taa, ungoje. Usanisinuru, yaani jani kutengeneza chakula chake kwa mwanga, ukianza, jani hutoa oksijeni, viputo hulijaa, na viduara hupanda juu kimoja kimoja. Wallahi kile cha kwanza kilipotikisika kikapanda, nilimwita mama aache chungu aje aone. Daktari wa Kiholanzi, Jan Ingenhousz, aliona viputo kama hivyo mwaka 1779: juani majani yaliyozama majini yaliyatoa, gizani hayakutoa.

Bilauri ya kwanza niliiwekea taarabu, ya pili nikaipeleka chumbani isisikie kitu, nayo ikawa na taa yake. Ya taarabu ikashinda kwa mbali! Nilikuwa karibu nikupigie simu usiku ule ule nikwambie umeshinda. Lakini nilipopima kwa rula, nikakuta taa ya sebuleni iko sentimita 20 kutoka kwa majani, ya chumbani sentimita 30. Shoga, mwanga wa globu hupungua upesi mno ukisogea mbali. Kwa tofauti hiyo tu, majani ya chumbani yalipata chini ya nusu ya mwanga wa wenzao. Moyo uliniuma, kwa sababu nilitaka iwe kweli.

Nikaanza upya. Taa moja, mahali pamoja palipowekwa alama ya chaki, mara na muziki, mara bila, majani mapya kila mara, na spika haigusi meza. Simu ilipiga picha kila dakika, na mpwa wangu akahesabu viduara vilivyopanda kwenye picha asijue ipi ni ya wakati gani. Siku tano. Tofauti sikuiona. Mwisho niliifunika bilauri kwa buibui jeusi huku taarabu ikilia kwa sauti ya arusi, na viduara vilivyokuwa vikielea vikaanza kuzama tena, maana gizani jani latumia oksijeni yake.

Usidhani nasema mimea haihisi kitu. Mwaka 2014 Heidi Appel na Rex Cocroft, wa Chuo Kikuu cha Missouri kule Marekani, walionyesha kwamba mmea uliotikiswa kwa mtetemo wa kiwavi anayetafuna, huongeza kemikali za kujikinga baadaye anapokuja kiwavi wa kweli. Lakini huko ni kujilinda, si kutengeneza chakula.

Na pumzi ya mama? Hilo pia nililifikiria. Pumzi tunayotoa ina kaboni dioksidi kama mara 100 kuliko hewa ya kawaida, ila ua wetu uko wazi kwa upepo wa bahari, haikai. Asubuhi moja nilikaa nikamtazama tu. Huku akiimba, alitia maji, akageuza majani chini juu akitafuta wadudu, akakata tawi lililokauka. Hakumaliza mpaka nyimbo tatu ziishe. Sikumwambia lolote kuhusu bilauri zangu.

Huko kwenu Lamu nataka ujaribu na wewe, kwa mikono yako, tuone kama hesabu zako zitafanana na zangu. Spinachi ukikosa nitakuja nayo Idd, pamoja na sirinji mbili.

Mimi shoga yako wa Kibokoni.