Msiwaambie vijana kwamba kuchomelea kumekwisha

Mhariri,

Nalisoma gazeti lako tangu 1991 na sijawahi kukuandikia. Ile ripoti ya Jumanne kuhusu manowari na vipuri vya chuma vya kuchapwa kwa mashine (3D printing) imenikosesha usingizi. Eti mtu atabonyeza kitufe, rafadha, ile feni inayosukuma meli majini, itoke, na sisi wa kuchomelea tutafute kazi nyingine. Mmekosea.

Hiyo mashine ya kuchapa chuma, hasa ya vipuri vikubwa, ni mkono wa roboti ulioshika waya wa kuchomelea. Umeme unayeyusha waya, tabaka juu ya tabaka. Rafadha iliyotengenezwa hivyo Rotterdam, Uholanzi, mwaka 2017 ilikuwa na tabaka 298 za bronzi, uzito wa kilo 400 hivi, na Bureau Veritas, kampuni ya kukagua ubora wa meli, waliikagua kabla ya kuipitisha. Ufaransa, Naval Group, waunda meli za kivita, waliifungia meli ya kusaka mabomu ya baharini, Andromède, rafadha ya mapanga matano, kila panga kilo 200. Tabaka moja likiingiwa na hewa, tundu linabaki ndani na jicho halilioni.

Hilo nalijua kwa uchungu. Mwaka 2009 kiwanda kimoja cha Industrial Area kilinibembeleza nijazie impela ya pampu, lile gurudumu linalozunguka ndani na kusukuma maji, iliyoliwa ukingoni, kwa kuwa mpya kutoka ng'ambo ingechukua miezi mitano. Nilijaza, nikapiga grinda mpaka ikang'aa. Siku ya tisa ikapasuka ikizunguka, kipande kikatoboa kava na kumkata mkono kijana niliyekuwa nikimfundisha. Tulipoipasua nikaona vitundu kama vya ndani ya mandazi, pale nilipochomelea asubuhi ya mvua kwa vijiti vilivyonyonya unyevu. Hakuna aliyeipima. Kovu la yule kijana naliona kila siku kibandani.

Sasa mpwa wangu, mwaka wa pili chuo cha ufundi, kaniletea ripoti yenu kwenye simu: "Mjomba, naacha." Nimpinge vipi, na huko chuoni wanafunzi 40 wanagombania mashine mbili, na muhula uliopita mshono walichorewa ubaoni kwa chaki? Karo imelipwa yote! Dada yangu aliuza ng'ombe wawili, na mtoto hajamaliza hata pakiti moja ya vijiti. Nchi ina kiwanda cha meli Mombasa na kingine Kisumu. Meli hizo zitaungwa na nani? Jeshi la majini la Marekani liliweka mashine ya kuchapa chuma ndani ya meli ya kivita USS Bataan mwaka 2022 kwa sababu kipuri kikivunjika katikati ya bahari hakuna duka. Na anayeiendesha lazima aijue chuma.

Serikali inunue mkono mmoja wa roboti, roli kumi za waya wa bronzi, na kifaa kimoja cha kupima nyufa kwa mawimbi ya sauti. Viletwe Kariobangi Light Industries. Kibanda changu kina stima ya fezi tatu na mlango wa futi nane. Wanafunzi waje kila Jumamosi, saa moja asubuhi nitakuwa nimefungua. Mwandishi wenu naye aje, kofia ya kuchomelea nitampa.

Fundi wa kuchomelea,
Kariobangi, Nairobi