Tasnifu za sheria zinatupotea zikiwa ndani ya kompyuta

Mhariri,

Mwezi uliopita mwanafunzi wa mwaka wa nne alinijia kaunta akitafuta tasnifu moja kuhusu maskwota wa pwani yetu na wamiliki wa ardhi wasiojulikana waliko. Nilijua ilikoandikwa, maana chuoni humo niliwahi kufanya kazi. Nikamwambia ukweli. Tasnifu hiyo tuliiskani, tukaiweka kwenye seva, na nakala ya karatasi ikatolewa rafuni ili kupatikane nafasi. Seva ilipokufa, nakala ya akiba haikuwepo. Kazi ya mwaka mzima ya mtu, na maneno ya wazee waliokubali kuhojiwa, vikaenda pamoja.

Naandika kwa sababu kosa lile lile liko mbioni kurudiwa. Kila chuo kinachofundisha sheria sasa kinataka hazina yake ya kidijitali, yaani mkusanyo wa tasnifu na maandiko mengine yanayosomwa kwa kompyuta, na hilo nalifurahia kwa moyo wote. Lakini pesa zinapotoka, hununuliwa skana na kompyuta, kisha kazi hukabidhiwa kijana wa idara ya teknolojia. Kijana huyo ni hodari wa seva zake. Hakufundishwa kutambua sheria iliyofutwa na inayotumika, wala hukumu iliyobatilishwa na Mahakama ya Rufaa. Hiyo ni kazi ya mkutubi wa sheria, na bila yeye hazina hugeuka stoo.

Programu yenyewe ya kuendeshea hazina haina gharama ya kutisha. DSpace, iliyotengenezwa na chuo cha MIT pamoja na kampuni ya Hewlett-Packard na kutolewa mwaka 2002, ni ya bure, na vyuo kadhaa vya Kenya vinaitumia. Jasho liko kwenye maelezo ya kila faili.

Tuchukue Sheria ya Hatimiliki za Ardhi, Sura ya 282. Chanzo chake ni amri ya kikoloni ya mwaka 1908 iliyowataka watu wa Pwani wapeleke madai yao ya ardhi yapimwe ndipo wapewe hati. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni, na wengi hawakudai. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2012 kwa Sheria ya Usajili wa Ardhi, lakini hati zilizozaliwa nayo zingali zinabishaniwa mahakamani hadi leo. Kwa hiyo tasnifu iliyoandikwa kabla ya 2012 haijapitwa na wakati. Inahitaji tu mtu wa kuandika kwenye maelezo yake kwamba inazungumzia sheria ilivyokuwa wakati ule. Mtu huyo huyo ahakikishe kwamba anayetafuta "Sura ya 282", anayetafuta "maskwota" na anayetafuta "mashamba ya mwambao" wote wanafika kwenye faili moja. Mashine ya skana haiwezi kuyajua hayo. Na ikiwa ukurasa umeskaniwa kama picha tupu, maneno yake hayatafutiki kabisa.

Kuna na ugonjwa wa viungo vya mtandao, yaani anwani za kurasa za tovuti ambazo mwandishi huzitaja kama ushahidi wake. Watafiti wa Harvard walipopima viungo vilivyonukuliwa katika majarida ya sheria ya chuo chao, walikuta zaidi ya asilimia 70 havimfikishi tena msomaji kwenye kile mwandishi alichokusudia. Katika maamuzi ya Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa karibu nusu. Maktaba yao ya sheria ikaanzisha huduma ya Perma.cc mwaka 2013 ili ukurasa unaonukuliwa uhifadhiwe siku ile ile. Sisi tunayo dawa nyingine karibu: hukumu za Kenya Law, chombo cha serikali kinachochapisha sheria na hukumu za nchi, husomwa bure na hubeba alama isiyotegemea anwani ya tovuti, KEHC kwa Mahakama Kuu, KECA kwa Mahakama ya Rufaa, pamoja na mwaka na namba. Mwanafunzi akiandika alama hiyo, hata tovuti ikihamishwa hukumu itapatikana. Ningependa msimamizi asipokee tasnifu yenye anwani ya mtandao peke yake.

Jambo linaloninyima usingizi ni faragha. Hapa Mombasa wanafunzi wengi hutafiti Mahakama za Kadhi, yaani ndoa, talaka na mirathi. Nimesoma tasnifu nzuri sana yenye majina kamili ya wake walioachwa na watoto wao kwenye viambatisho. Kwenye rafu ilisomwa na watu wachache. Kwenye mtandao itasomwa na mtaa mzima. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na kabla ya sheria tuna stara. Lazima awepo mtu wa kusoma faili kabla haijafunguliwa na kuficha majina, au kuifunga kwa muda.

Wahadhiri wanaohofia wizi wa kazi zao niwaambie tu kwamba iliyo wazi ndiyo rahisi kumnasa mwizi wake.

Mwaka 2009 wakurugenzi wa maktaba za vitivo vikubwa vya sheria Marekani walitoa Tamko la Durham, wakivitaka vitivo viache kuchapa majarida kwa karatasi na kuyaweka wazi mtandaoni kwa namna itakayodumu. Nusu ya kuyaweka wazi naiunga mkono. Kuacha karatasi, hapana, si kwetu bado. Najua unyevu wa bahari unakula vitabu vyetu na mchwa nao hawalali, lakini nakala moja kavu kabatini isitupwe mpaka faili iwe na nakala za akiba mahali pawili tofauti, na zimewahi kufunguliwa kuhakikisha zinasomeka.

Ombi langu kwa wakuu wa vitivo: bajeti ya hazina iwe na mshahara wa mkutubi wa sheria, tena wa kudumu, si kibarua cha miezi mitatu. Kwa waliosomea sheria pwani hii: tasnifu yako ikiwa ingali kwenye sanduku nyumbani, ipeleke maktaba ya kitivo kilicho karibu nawe, ukiwa umeandika kwamba unakubali isomwe. Na aliyeandika kuhusu maskwota, kama anasoma barua hii na bado ana nakala, yule mwanafunzi anawasilisha kazi yake Novemba.

Mkutubi wa sheria,
Tudor, Mombasa