Biashara isiyotanuka si lazima iwe imeshindwa

Mhariri,

Kila tunapoletewa mafunzo ya ujasiriamali sisi akina mama wa Mbagala, swali halibadiliki: miaka mitano ijayo biashara yako itakuwa imefika wapi? Mwenzetu mmoja, mama lishe, alijibu kuwa itakuwa pale pale chini ya mwembe. Watu wakacheka. Mwezeshaji akamwambia hana maono.

Mama huyo anawapikia mafundi gereji wali, maharage na samaki. Ikifika saa tisa sufuria ni tupu. Kabla ya kuosha vyombo hutoa hela ya mchele wa kesho, akaifunga kwenye pindo la khanga; inayobaki ndiyo anayoiita faida. Shule ya serikali haina ada, sawa, lakini sare, madaftari na nauli ya daladala vipo, na vyote hivyo hamwombi mtu. Kwenye kikoba chetu, kikundi cha kuweka na kukopeshana, marejesho yake hayafuatwi nyumbani, na mwenzetu akifiwa mchango wake huwa wa kwanza. Ukimuuliza, atakwambia biashara yake imesimama imara.

Wapo pia wanaotaka kufungua sehemu ya pili, tena ya tatu. Hao kikwazo chao ni dhamana: benki inataka hati, na hati ina jina la mume. Wasaidiwe. Ila wengi wanajua kwamba banda la pili lina kodi yake, na msaidizi wa kulipwa hata siku ya mvua, na mambo yakienda kombo pengo huzibwa kwa kausha damu, mikopo ya mtaani yenye riba kubwa. Wameshaona wenzao wakibebewa makochi na friji. Wanapokataa kujitanua, wamepiga hesabu.

Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 ikiwa ya wanawake. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa 2024. Maofisa maendeleo ya jamii wanaopitia maandiko yetu ya kuomba mikopo hiyo wangeuliza pia: fedha ya mauzo anaishika nani? Mwaka huu mtaji umeliwa mara ngapi, na umeliwa na nini: ugonjwa, msiba au mume? Majibu yake yatawaonyesha nani atarejesha mkopo, kuliko mpango wa miaka mitano ulioandikwa na kijana wa steshenari aliyelipwa kwa kurasa.

Katibu wa kikoba,
Mbagala, Dar es Salaam