Nyasi kavu ziuzwe kwa kilo

Mhariri,

Kila kiangazi kikikaribia, kurasa za kilimo hujaa ushauri kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa: nyasi gani, zivunwe lini, zihifadhiwe vipi. Ni vyema. Lakini sisi wenye farasi tunasoma mambo hayo kwa kudokoadokoa, kwa sababu hakuna anayetuandikia. Ukitaja farasi nchini Kenya, watu huwaza majumba ya Karen na kofia za akina mama pale uwanja wa mbio wa Ngong. Mimi naishi Kiserian. Farasi wangu watatu walikuwa wa mbio, wakachoka, wakauzwa kwa bei ya kutupa, nikawachukua. Siku za mwisho wa juma na sikukuu wanabeba watoto, na karo ya wanangu inatoka migongoni mwao. Wakilala njaa, sisi pia tunalala njaa.

Nataka kuzungumzia robota la nyasi.

Farasi mzima wa kilo 450 hivi anahitaji nyasi kavu karibu kilo 9 kwa siku. Hao watatu ni kilo 27 kwa siku, kilo 810 kwa mwezi wa siku thelathini. Wauzaji wa huku kwetu wanakwambia robota la Boma Rhodes, nyasi ya malisho inayopandwa na kukaushwa, lina kilo 15, na sasa nanunua kwa shilingi 350. Basi ningehitaji marobota 54, shilingi 18,900. Nilipoazima mizani ya kuning'iniza ya jirani anayeuza makaa, nikapima marobota yaliyoshushwa langoni kwangu, mengi yalikuwa yakicheza kwenye kilo 11. Kwa uzito huo nahitaji marobota 74, ambayo ni shilingi 25,900. Shilingi elfu saba zinapotea kila mwezi, na hakuna aliyepandisha bei! Muuzaji akiulizwa husema mashine ya kufunga ilikuwa imelegea. Ajabu ni kwamba hailegei siku hata moja ikampa mnunuzi kilo 18.

Nyama tunapimiwa. Sukari tunapimiwa. Hata viazi, baada ya kelele nyingi, vimewekewa mfuko wa kilo 50. Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, tunayo tangu zamani, na maafisa wake huonekana kwenye bucha na maduka ya nafaka. Kwenye maghala ya nyasi sijawahi kuwaona.

Uzito ni nusu ya shida. Nusu ya pili iko ndani ya robota, na hapa ndipo farasi anapoachana na ng'ombe. Ng'ombe ana tumbo la vyumba vinne na anacheua. Nyasi ngumu ataihangaikia mpaka apate kitu. Farasi hacheui, na wala hawezi kutapika. Kikiingia kibaya, lazima kipite njia nzima, na kikikwama katikati utamwona anageuza shingo kutazama ubavu wake, anapiga teke tumboni, analala na kuamka, jasho linamtoka. Ndilo lile tumbo la kukaza ambalo kila saisi, yaani mtunza farasi, analiogopa kuliko mguu uliovunjika. Ukungu nao unaingia kwenye mapafu: farasi aliyelishwa nyasi zenye vumbi la ukungu anaanza kukohoa na kuhema kama mzee wa kupanda mlima. Vumbi la kawaida unaweza kulituliza kwa kuloweka nyasi dakika chache kabla ya kulisha, lakini nyasi iliyoota ukungu hailoweki ikapona.

Kwa hiyo kabla ya kulipa mimi hukata kamba ya robota moja, nalifumua, natia mkono mpaka katikati. Pakiwa na joto, zilifungwa mbichi na ukungu uko njiani. Nanusa: nyasi nzuri inanukia kama chai ya majani iliyokaa vizuri kwenye kopo. Natazama rangi, iwe na kijani bado, na majani yawe mengi kuliko mabua. Halafu natafuta takataka. Nimeshatoa mifuko ya plastiki, miiba, udongo mweusi uliokwanguliwa na mashine, na vipande vya waya. Wauzaji wengi hawapendi ukaguzi huu. "Mama, ukifungua moja umenunua yote," aliniambia mmoja, mguu ukiwa tayari kwenye ngazi ya lori. Nilimwacha aende nazo.

Kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi. Mbegu ya Boma Rhodes ni biashara yenyewe. Mkulima anaacha nyasi zikomae, anavuna mbegu, kisha mabua yaliyobaki yanafungwa na kuletwa kwetu kwa bei ileile ya nyasi iliyokatwa ikianza kutoa maua. Simlaumu kwa kuuza mbegu. Namlaumu kwa kutosema. Mabua hayo farasi anayatafuna kutwa nzima na mbavu bado zinahesabika. Na wengine hutuletea setaria, aina nyingine ya nyasi za malisho, wakisema nyasi ni nyasi. Kwa ng'ombe sawa, lakini kwa farasi anayelishwa hiyo tu miezi na miezi, setaria inaizuia kalsiamu isimfikie, mifupa inadhoofika, uso unavimba. Hata madaktari wa mifugo wa mashinani, waliozoea ng'ombe na mbuzi, si wote wanaokumbuka kuuliza farasi analishwa nyasi gani.

Najua bei haipangwi na muuzaji peke yake. Mvua zilipokatika misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, malori yote yalielekea kwa wafugaji waliokuwa wakizika ng'ombe hapa Kajiado, na sikuwa na uso wa kulalamika. Mafuriko ya 2024 yalipokuja, nyasi zikaloa zikiwa shambani. Ila mwaka wa kawaida kama huu, mvua za masika zikishapita na watu wakishavuna, nyasi zipo tele na bei inashuka. Anayeumia ni asiye na pa kuziweka. Mimi nimejenga banda la mabati, sakafu ni mbao za mapaleti ili nyasi zisiguse ardhi, na bado haliwezi kubeba za kunifikisha Februari.

Ninachoomba si ruzuku. Serikali ya kaunti iweke mizani kwenye masoko ya mifugo ya Kajiado, na lori la nyasi likifika, robota lipimwe mbele ya mnunuzi na bei itajwe kwa kilo. Maafisa wa vipimo wakipita bucha, wapite na ghala la nyasi lililo jirani.

Na kwa wakulima wa Nakuru na Naivasha wanaosoma gazeti hili: tuko wenye farasi kadhaa huku Kiserian na Ngong, pamoja na vijana wa punda wanaouza maji, ambao tumekubaliana kujaza lori pamoja mara tu mavuno yanapoanza. Ukikata kabla ya mbegu, ukakausha vizuri na ukakubali mizani, tutalipa taslimu lori likishashusha.

Mama Farasi,
Kiserian, Kajiado