Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu ya Wilaya

Yah: Kaya zinazotolewa kwenye ruzuku zijadiliwe katika mkutano mkuu wa kijiji

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha barua hapo juu. Mimi ni mkazi wa kijiji kimojawapo cha wilaya yako, huku Kanda ya Kati. Si mlengwa wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii unaozipa kaya maskini ruzuku ya fedha, wala sina ndugu aliyekatwa, ila nimehudhuria mikutano ya kijiji kwa miaka mingi, na jambo ninalolileta kwako limeanza kuwagombanisha watu wanaoishi ua mmoja.

Mfuko huu siupingi, tangu ulipoanza mwaka 2000 kwa kujenga madarasa, zahanati na visima, hadi ulipogeukia kaya zenyewe. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 ulionyesha kwamba asilimia 31.3 ya watu wa vijijini walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, uliowekwa kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, wakati Dar es Salaam walikuwa asilimia 8. Anayesema ruzuku inawalemaza watu na aje huku Februari, vihenge vikiwa vitupu na mtama haujakomaa, aone fedha hiyo inaishia wapi: kwenye unga, chumvi na madaftari.

Ninacholalamikia ni kwamba kuingia katika mpango kulifanyika hadharani, lakini kutoka kunafanyika kimyakimya.

Siku ya kuandikisha, kijiji kizima kiliitwa kwenye uwanja wa shule. Tulikubaliana wenyewe vigezo vya kaya maskini sana, majina yakatajwa kitongoji kwa kitongoji, watu wakabishana, na mengine yakafutwa palepale. Baadaye yakaja madodoso, taarifa zikachakatwa kwa kompyuta, na orodha ikarudi mkutanoni kuthibitishwa. Utaratibu ule ulikuwa na kasoro zake, maana mwenyekiti wa kitongoji mwenye wajomba wengi hakosi njia, lakini aliyeachwa alijua kwa nini ameachwa na alipata nafasi ya kusimama na kusema.

Sasa tazama mtu anavyotoka. Jirani yangu, bibi anayelea wajukuu, alitembelewa na mdodosaji mwenye kishikwambi, akaulizwa habari za paa, mifugo na milo. Paa ni la bati kweli. Tembe yake ilipoanza kuvuja alinunua bati mojamoja kwa akiba ya kikundi, akiba iliyotokana na ruzuku hiyohiyo, kama wawezeshaji walivyokuwa wakihimiza, na kuta zimebaki zilezile za udongo. Mbuzi waliohesabiwa siku ile aliwauza kabla ya mavuno. Malipo yalipokoma hakuna aliyemwarifu. Kwa kuwa jembe limemsugua vidole mpaka mashine haisomi alama zake, laini inayopokea fedha imesajiliwa kwa jina la mjukuu wake mkubwa. Bibi akaamini kijana amekula hela. Kijana aliapa, akatukanwa, akahama nyumbani. Ukweli ulijulikana siku mtendaji wa kijiji alipopekua karatasi na kukuta kaya hiyo imeandikwa kuwa imehitimu, yaani haihitaji tena ruzuku, mwenye kaya mwenyewe akiwa hana habari.

Mpango ni wa taifa, lakini namna ya kuwajulisha watu iko mikononi mwa halmashauri yako. Ibara ya 146 ya Katiba inaeleza kuwa serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi, na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287, inautambua mkutano mkuu kuwa ndicho chombo cha juu cha mamlaka kijijini. Sioni kwa nini mamlaka hayo yatumike kumwingiza mtu yasitumike anapotolewa. Najua wataalamu wako wanahofu kwamba mkutano utamtetea kila mtu na hakuna kaya itakayotoka. Sidhani. Huku kwetu hakuna asiyejua nani amefungua duka na nani mwanawe amepata ajira anatuma fedha, na kaya hewa, yaani zilizolipwa bila kustahili au bila kuwapo, zilipozungumzwa nchi nzima, majirani walikuwa wamezijua zamani. Mkutano unaweza kuwa mkali kuliko dodoso, tena una jambo ambalo dodoso halina: umeiona kaya hiyo mwaka mzima, Juni ikiwa na mbuzi wanne na Februari ikiwa haina hata mmoja.

Kwa hiyo naomba uagize kwamba orodha ya kaya zinazopendekezwa kutolewa ibandikwe ofisi ya kijiji na isomwe mkutanoni pamoja na sababu zake kabla malipo hayajakatwa, na kwamba anayepinga ajibiwe kwa maandishi. Wapo watakaosema ni aibu kuanika umaskini wa mtu hadharani. Aibu hiyo tulikwisha kuivuka siku ya kuandikishwa.

Najua pia jibu la kwamba waliotoka wanaweza kukimbilia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo, iliyositishwa 2023 na kurejeshwa 2024, inamfaa mwenye nguvu za kuendesha biashara na kurejesha kwa wakati. Mzee anayelea wajukuu hawezi kubebeshwa deni badala ya ruzuku.

Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu. Katika ujao, tunaomba umtume mratibu wa wilaya aje na orodha ya kaya zilizokwisha kutolewa kijijini kwetu, aisome jina kwa jina, na abaki hadi maswali yaishe. Nakala ya barua hii nimempa mtendaji wa kijiji ili aiweke kwenye ajenda.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa kijiji